Muziki wa Gari la Yona

Mwezi uliopita, kwenye sendofu ya binti wa rafiki yangu kule Mkonze, Yona alinyanyuka kutoka meza ya wageni wa heshima, akaja na sahani yake ya pilau mpaka tulipokaa sisi, akavuta kiti na kuwaambia wote waliokuwa pale, "Huyu mama mnayemwona, aliniacha kwa sababu ya spika za gari." Meza nzima ikacheka. Dada mmoja aliyevaa kitambaa cha kamati akauliza, "Spika tu, jamani?" Yona akaweka mkono kifuani. "Spika tu. Barua ya posa imeshajibiwa, wazee wameshapanga kikao, mtu kaniacha nje ya gereji." Nilicheka pamoja nao. Bado ni mzuri wa kusimulia, bado anajua lini anyamaze ili watu wacheke, na sherehe ya mtoto wa mwenzio haifai kwa mabishano. Lakini njiani kurudi nyumbani nilihesabu watu ambao kwa miaka mingi wameniuliza kuhusu hizo spika huku wakitabasamu, nikaona kwamba habari hii imekuwa ikisimuliwa na mtu mmoja tu. Kwa hiyo naandika sura hii kwa mpangilio, kama nilivyoiona na kuisikia.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo cha Hombolo na cheti ambacho kilikuwa bado hakijanipatia ajira. Nilifanya kazi ya muda ya kuchapa barua katika ofisi moja mjini. Simu za mkononi zilikuwa zinaning'inizwa shingoni kwa kamba, na aliyekuwa nayo alitembea taratibu ili ionekane. Nilipanga chumba Chang'ombe, chumba chenye dirisha moja linalotazama upepo unakotoka, na kila nikirudi kazini nilikuta vumbi jekundu limejipanga chini ya mlango kama limemwagwa kwa makusudi. Kitanda, jiko la mafuta ya taa, sinia la bati lililokuwa na zabibu msimu wake ukifika, na redio ndogo niliyoitegemea kwa kila kitu. Yona alikuwa karani wa masijala katika idara moja ya serikali. Alikuwa mrefu, mcheshi, mtu wa kusalimia kila meza akiingia mgahawani, na watu walipenda kukaa karibu naye. Alikuwa na gari dogo jeupe la Kijapani, la zamani lakini lisilo na kutu. Mpango wetu ulikuwa kulikodisha kwenye harusi na sendofu siku za mwisho wa juma, na kila mtu Dodoma alijua kwamba gari la maharusi lisilo na muziki halimpati mteja. Yeye alikuwa na gari. Mimi nikasema muziki nitaununua mimi. Huo ndio ungekuwa mwanzo wetu wa maisha.

Niseme wazi jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Barua ya posa ilikuwa imeletwa na kujibiwa, wazee wa pande zote mbili walikuwa wanatafuta Jumamosi ya kukaa kwa ajili ya mahari, na mimi nilikuwa bado sijaamua kama Yona ni mtu wa kuolewa naye. Sikuwa na kosa la kumwekea mkononi. Kulikuwa na vitu vidogo tu: namna alivyosema kwenye simu kwamba yuko njiani wakati nasikia sauti ya televisheni ya nyumbani kwake nyuma yake, namna alivyosimulia tukio moja kwa watu wawili tofauti na kila mmoja akapata mwisho wake. Kila mtu aliniambia nina bahati. Nilikuwa namtazama, na kazi ya kutafuta muziki wa gari ilinipa nafasi ya kumtazama kwa karibu.

Nilianza na redio, kwa sababu ile iliyokuja na gari ilikuwa ya Kijapani na masafa yake yaliishia tisini, yaani stesheni zetu nyingi hazikuwepo kabisa, ni mkoromo mtupu. Hilo lilikuwa rahisi. Tulipata redio ya CD iliyotumika, tukaijaribu dukani, ikashika. Kazi ikawa kwenye spika na amplifaya. Bufa, ile spika kubwa ya besi, tuliiacha, uwezo haukuruhusu, na hivyo besi zote zingetegemea spika mbili za milango ya mbele. Nilizunguka maduka ya mjini karibu kila nikitoka kazini. Niliamini maboksi kidogo sana. Boksi moja liliandikwa wati mia tano, lingine la ukubwa uleule, kiwanda kilekile, liliandikwa wati elfu moja, na nilipozitoa spika nikaona ni ndugu mapacha. Nilijifunza kuibonyeza spika katikati kwa vidole viwili kusikia kama inakwaruza, kuigeuza kutazama sumaku yake, kunusa gundi. Yona alisimama mlangoni akiongea na wapita njia.

Siku moja, kwenye duka lililokuwa jirani na soko la Majengo, muuzaji aliyevaa kofia ya sufu katika joto lile alitukabidhi amplifaya nyeusi inayong'aa. "Hii, dada, wati elfu mbili. Ukifungulia yote vioo vinadondoka."

"Hizo wati elfu mbili zinatoka wapi, na betri ya gari ni ndogo vile?"

"Dada, unanunua muziki au unasahihisha mtihani?"

Yona akacheka kwa sauti, akampiga yule kijana begani. Mimi nilikuwa naipima mkononi. Ofisini kwetu walikuwa wamenieleza kwamba amplifaya nzuri ni nzito, lakini hii ilikuwa nzito kupita kiasi, na uzito wake wote ulikuwa upande mmoja, kama mtoto aliyelala vibaya mgongoni. Kwa bei waliyoitaja, uzito huo ulinitia shaka kuliko wepesi. Nikaomba bisibisi. Muuzaji akasema ikifunguliwa haina dhamana. Nikamuuliza isipofunguliwa dhamana yake ni ya muda gani, akanipa bisibisi. Ndani, pembeni ya vifaa vichache vilivyopweteka katikati ya nafasi kubwa tupu, kulikuwa na kipande cha nondo ya kujengea kilichogandishwa kwa gundi nyeupe.

"Hicho ni cha kupoza joto," muuzaji akasema.

"Nondo?"

"Teknolojia, dada. Inabadilika kila siku."

Tulipotoka na kuvuka barabara, Yona akasema, "Umeniaibisha, Liza. Yule jamaa ananifahamu."

"Lakini kulikuwa na nondo ndani."

"Niliiona. Ungenyamaza tu tukaondoka. Sasa atasema nina mchumba mkorofi."

Nakumbuka alikuwa ameshika mfuko wangu wa machungwa wakati anasema hivyo, na kwamba nilimtazama usoni nikaona hajali hata kidogo kwamba nusura tuibiwe. Alichojali ni yule kijana wa kofia atamwonaje. Siku chache baadaye nilipata amplifaya iliyotumika kwa mtu aliyekuwa akinunua magari ya ajali na kuyauza vipande, tukaifungua mbele yake bila yeye kununa, na kwake huyo huyo nikapata spika mbili zenye sumaku nene. Nyaya nilinunua mpya, nyekundu na nyeusi. Kisha nikafanya kile ambacho kila mtu mjini kwetu hufanya kabla ya kumkabidhi fundi kitu chake: niliweka alama. Nilichukua rangi ya kucha, nikapaka tone moja nyuma ya kila sumaku, mahali pasipoonekana mpaka uitoe spika. Sikumwambia fundi. Yona nilimwambia, akacheka, "Wewe ungefaa upelelezi."

Gereji ilikuwa Kizota, uwanja wa udongo mgumu wenye mabati upande mmoja, mali ya Mzee Masima, mtu wa makamo aliyependa amani kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa anasalimia kila mteja kwa Kigogo, "Mbukwa," awe anakijua au hakijui. Muziki wa magari ulikuwa kazi ya Hamisi, kijana wa rika langu kutoka kijiji cha Kwa Mtoro, Msandawe kwa kabila, mwembamba na mwenye maneno mengi. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa amefunga muziki kwenye magari ya wabunge, ya wafanyabiashara na ya mganga mmoja mashuhuri, na majina hakuweza kuyataja kwa sababu za usalama. Simu ya gereji ilipoita kwa ajili yake alizungumza kwa lugha ya kwao, yenye ile midundo ya ulimi wanayoiweza wao, na mafundi wengine walikuwa wakimwiga na kuchekana. Sikumwamini. Sikumwamini hasa Jumamosi ile nilipofika mchana na kukuta anapitisha kwenye mlango waya mweupe, ule bapa wa kufungia umeme wa nyumba.

"Shikamoo, Mzee Masima. Hamisi, waya wangu uko wapi?"

"Dada, ule wako ni plastiki tupu. Shaba iliyomo ni kama unywele. Huu utakaa mpaka wajukuu."

"Na wangu?"

"Kabatini. Mimi sili waya."

Nilikwenda kabatini. Rola yangu ya waya ilikuwapo, lakini niliiona imepungua. Nilipomwambia, akacheka. "Unapima waya kwa macho, dada? Basi hamia hapa, tuache kununua futi." Sikucheka. Mpaka leo naamini ule waya ulipungua, na mpaka leo sijui ulikwenda wapi. Nilikaa kwenye kopo la rangi na kumtazama mikono mpaka amalize. Waya mweupe pande zote mbili hufanana, na yeye alikuwa akifunga kifundo kidogo kwenye upande mmoja, huku na huku, kabla ya kuupitisha. Nikauliza kwa nini. Akachukua betri ya tochi, akaigusisha kwenye spika. Ile karatasi ya spika ikaruka mbele. Akaigeuza betri, ikarudi nyuma. "Kifundo ni chanya. Nikikosea upande mmoja, spika hii inasukuma, ile inavuta, besi zinakutana katikati ya gari zinauana. Unabaki na filimbi tu." Mwisho akapachika mbao za milango kwa vibanio vipya vya plastiki, vyeupe, mfano wa uyoga mdogo. "Hivi ni vya mara moja," akasema, akikigonga kimoja kwa kiganja. "Ukifungua mlango vinavunjika, unanunua vingine. Kwa hiyo nikifunga nimefunga." Yona hakuwepo wakati wa maelezo hayo. Alikuwa barabarani anaongea na simu, akaja wakati wa kujaribu.

Nilijaribu kwa CD ya kwaya yetu. Niliichagua kwa sababu nilikuwepo ilipokuwa inarekodiwa. Niliimba sauti ya pili, na nilijua kila aliyesimama nyuma yangu. Wanaume wa sauti ya nne walikuwa wachache lakini wazito, mmoja wao muuza mkaa mwenye kifua kama pipa, na katika ubeti wa pili wanashuka wenyewe wakati sisi wengine tumenyamaza. Kwa redio yangu ndogo ya chumbani hawakusikika kabisa. Ndani ya gari la Yona, Jumamosi ile, walishuka nikawasikia kwenye mapaja yangu. Mzee Masima akaacha alichokuwa anafanya, akasogea. "Huyo anayenguruma ni nani?" Nikamtajia. Yona akasema, "Liza, tumepata kitu," na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilijikuta nimefurahi bila kumchunguza.

Kesho yake, baada ya ibada, alikuja kunichukua. Nikaweka CD ileile. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ya pili ilikuwepo, nikajisikia mwenyewe. Ubeti wa pili ulipofika nikawasubiri wanaume. Hawakuwepo. Niliongeza sauti, ikawa kelele nyembamba inayoumiza meno, na katikati yake kimya cha ajabu pale walipopaswa kuwa. Nilikuwa bado sijafungua mdomo Yona aliposema, "Tumepigwa." Nililiandika hilo kichwani: alisema kabla yangu. Akaendelea haraka. Mafundi wana mchezo huo, akasema, wanakufungia kitu kinacholia siku moja, ukifika nyumbani kinakufa ili urudi. Nilimwambia habari ya waya mweupe. Akapiga usukani kwa kiganja. "Unaona? Mwizi wa waya ndiye mwizi wa spika."

Jumatatu tukaenda Kizota. Yona aliongea mbele ya mafundi wote, kwa sauti ile anayotumia kwenye sherehe akiwa mshereheshaji. Hamisi alisema jambo moja na kulirudia: "Jumamosi ilikuwa inalia. Nani kafungua mlango?" Yona akajibu, "Hakuna aliyefungua." Mzee Masima, mwenyewe, akafungua mlango wa kushoto. Vibanio vikavunjika kama Hamisi alivyosema, mzee akavikusanya akavitupa kwenye kopo la skrubu. Spika ikatoka. Tone langu la rangi ya kucha lilikuwepo nyuma ya sumaku. Nikasema, "Ni yangu." Kwa hiyo haikubadilishwa, na nilitegemea mtu angesema basi tutazame upande wa pili. Lakini Yona alikuwa amekwenda kusimama upande wa dereva, ameegemea mlango wa kulia kwa mgongo wake wote, mikono ameikunja. "Na huu waya mweupe, Mzee? Mchumba wangu alinunua mwekundu na mweusi. Uliza uko wapi." Rola ikaletwa, na hata Mzee Masima akaona imepungua. Hamisi akaanza kueleza habari za shaba, kwa maneno mengi kama kawaida yake, na kila neno lilimzamisha zaidi. Mzee alimtazama Yona, mtu wa idara ya serikali mwenye marafiki wenye magari, kisha akamtazama fundi wake. "Hamisi, nenda kapumzike kwanza." Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Hamisi akaenda kwenye simu ya gereji, akapiga, akaongea Kisandawe kwa ukali na haraka. "Unamsikia?" Yona akaninong'oneza. "Anawapanga wenzake." Mlango wa kulia haukufunguliwa. Tuliondoka na gari linalolia filimbi.

Yona alikuwa na chumba na sebule Makole, na Jumatano alinialika chakula cha mchana. Alikuwa anajua kupika, hilo nalikiri. Kulikuwa na ugali wa mtama, mlenda, na nyama ya mbuzi aliyoikausha vizuri kwa chumvi na limau. Alikuwa na furaha. Wazee wamekubaliana, akasema, kikao ni Jumamosi hii, mjomba wake anatoka Mpwapwa. Nilinawa, nikageuka kutafuta taulo, na dirishani, kwenye kisahani cha chai, karibu na kipande cha sabuni na wembe, nikaona vibanio vitatu vyeupe mfano wa uyoga, vimevunjika shingo.

"Hivi ni vya nini?"

Alitazama, akarudi kwenye sufuria. "Aa, vya juzi, vya gereji. Nilivichukua nitafute vya kufanana."

Nilikaa. Alinipakulia, akanisogezea mlenda upande wangu kwa sababu alijua naupenda. Vya juzi nilikuwa nimeviona kwa macho yangu vikiingia kwenye kopo la skrubu la Mzee Masima. Hapo ndipo nilipoikumbuka betri ya tochi, ile spika iliyoruka mbele kisha ikarudi nyuma, na mambo yakapangana yenyewe wakati nikikata tonge. Alifungua mlango wa kulia kati ya Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi, labda kwa sababu ulikuwa unatetemeka, labda kwa kutaka kugusa tu. Aliukata waya pamoja na kifundo chake akaunga upya bila kujua upi ni upi. Kosa dogo ambalo yeyote angelifanya. Nilisubiri amalize kucheka jambo fulani la ofisini kwao, nikasema, "Yona, kama uliufungua ule mlango mwingine, nenda kamwambie Mzee Masima. Hakuna atakayekucheka."

"Sijaufungua."

"Hamisi hana kazi."

"Hamisi ni mwizi wa waya, Liza. Ulisema mwenyewe. Kula."

Nikala, na yeye akadhani yamekwisha. Lakini nakumbuka nilivyokuwa nikiutazama mkono wake unaonisogezea nyama na kujiuliza, siku tutakapokuwa na nyumba na jambo limeharibika ndani yake, mkono huu utamnyooshea nani kidole.

Alhamisi nilitoka kazini mapema, nikaenda Kizota kwa miguu, nikamwambia Yona anifuate huko anichukue. Nilimkuta Hamisi anakusanya vifaa vyake kwenye mfuko wa salfeti. Nilimsalimia, akaitikia kwa shingo upande. Nikamuuliza siku ile alikuwa anaongea nini kwenye simu. Akanitazama kama nimemuuliza rangi ya soksi zake. "Dada yangu kaingiza kuku wake kwenye chumba changu kule nyumbani. Nilikuwa nagombana juu ya kuku." Kisha nikamweleza Mzee Masima kuhusu vibanio. Alisikiliza huku akifuta mikono, na hakufurahi.

"Binti yangu, mchumba wako alisema mbele ya watu kwamba hakufungua. Leo nimwite mwongo kwa sababu ya kisahani cha chai?"

"Fungua mlango wa kulia akifika. Utaona kama vifundo vipo."

"Na nikifungua, wewe utarudi nyumbani na nani?"

Kabla gari halijaonekana tulisikia muziki. Ilikuwa kwaya yetu, inakuja polepole kutoka barabara ya lami, na chini yake, nzito, zimejaa, sauti za wanaume. Hamisi aliacha kufunga mfuko. "Besi zimerudi," akasema taratibu. Yona aliingiza gari gerejini huku anapiga honi, uso wote tabasamu, akatoa kichwa dirishani. "Liza! Nimewapata wanaume wako!"

"Mbukwa, kijana," Mzee Masima akasema. "Kaitengeneza nani?"

"Mimi mwenyewe, Mzee. Leo asubuhi nimefungua mlango wa kulia, nikakuta huyu bwana amezipishanisha nyaya."

"Leo asubuhi?" nikauliza.

"Leo asubuhi."

"Na vibanio vya jana kwenye kisahani?"

"Nilikwambia, ni vya hapa. Vya Jumatatu."

Mzee Masima alinitazama kwa muda, kama mtu anayeombwa kunyanyua kitu kizito. Kisha akaenda kwenye meza ya kazi, akachukua lile kopo la skrubu, akalimimina juu ya bati. Vibanio vya Jumatatu vilikuwepo vyote, vyeupe, vimevunjika, katikati ya skrubu na misumari. "Vya kwangu hivi hapa," akasema. Mafundi wawili waliokuwa chini ya lori walikuwa wametoa vichwa.

Yona akacheka. Alikuwa na kicheko maalumu cha kujinasua kwenye mambo, na kwa watu wengine kilikuwa kimefanya kazi siku zote. "Jamani, ni waya tu! Mlango ulikuwa unatetemeka, nikagusa kidogo. Mtu hafi kwa waya."

"Mimi nimekufa tangu Jumatatu," Hamisi akasema.

"Hamisi, ndugu yangu, si unarudi kazini? Mzee, anarudi, au siyo? Basi, yameisha." Mzee Masima akamwambia Hamisi arudishe vifaa kabatini. Yona akaniinamia dirishani, sauti ameishusha. "Umeridhika? Ingia twende."

"Mwambie kwanza."

"Si nimeshasema yameisha?"

"Mwambie ulichofanya, na kwamba ulijua."

Alitazama vichwa vilivyokuwa chini ya lori, akamtazama Mzee, akanirudia mimi, na ile sura niliyoiona siku ya nondo ikarudi usoni mwake. "Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa hawa ulimwita mwizi."

Nilimpa muda, nataka ijulikane kwamba nilimpa muda. Kama angetamka sentensi moja, hata kwa kununa, hata kwa kumtazama mtu mwingine, naamini ningeingia, na Jumamosi wazee wangekaa, na maisha yangu yangekuwa mengine. Badala yake alijinyoosha juu ya kiti, akaufungua mlango wa kushoto kwa ndani, ukafunguka mpaka mwisho, ukanisubiri. "Liza. Mjomba ameshapanda basi. Usilete utoto, ingia garini."

Ndani, kwaya ilikuwa inamaliza. Zilikuwa spika zangu, nilizozibonyeza moja moja kwa vidole viwili na kuzipaka alama, na sikuwahi kuzisikia zikilia vizuri kama alasiri ile. Nilishika mlango kwa mikono miwili, nikaufunga, nikabaki nje.